Kichakataji cha Pili: Programu Huria kati ya Jinja na Mbale

Mwaka 2007 mjomba wangu alinunua Jinja kompyuta iliyokwisha kutumika, akaipakia kwenye taksi, akaileta Mbale kwa barabara ya Tirinyi. Muuzaji alimwambia ina vichakataji viwili. Mjomba akasakinisha Ubuntu 6.06 kwa diski ya bure iliyofika kwa posta, akatazama, akakuta kimoja. Alirudi Jinja kugombana. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena.

Historia ya programu huria kwetu husimuliwa kama historia ya bei: Windows inauzwa, Linux ni ya bure. Ugomvi wa mjomba unanifanya nione masimulizi hayo yamepungukiwa.

Linux ilijua kutumia vichakataji vingi tangu toleo 2.0 la mwaka 1996. Lakini kazi hiyo ina gharama. Vichakataji viwili visipozuiwa vitabadilisha kitu kimoja cha kumbukumbu kwa wakati mmoja na kukiharibu, kwa hiyo keneli, yaani moyo wa mfumo, huweka makufuli. Penye kichakataji kimoja makufuli hayo ni kazi bure. Ndiyo maana watengenezaji walitoa keneli za aina mbili, na kwa kuwa kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kichakataji kimoja, Ubuntu 6.06 ilisakinisha keneli ya kimoja. Mwenye viwili alitakiwa kuchukua nyingine kwenye intaneti.

Intaneti ipi? Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009. Kabla ya hapo Uganda ilitegemea setilaiti. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56, megabaiti 20 huchukua karibu dakika 50, tena laini isipokatika wala umeme usizimike. (Umeme wenyewe unazalishwa Jinja tangu 1954!) Kwa hiyo diski ilikuwa bure, ila nusu ya kompyuta ilibaki upande wa pili wa intaneti. Aliyeandika programu Ulaya hakuwa na nia mbaya. Alidhani tu kwamba kila mtu ana intaneti.

Toleo 6.10, la Oktoba 2006, liliunganisha keneli hizo kuwa moja. Mjomba aliikosa kwa toleo moja tu.

Likizo iliyopita niliitoa kompyuta ile stoo, nikasakinisha upya kwa diski ileile. Faili ya /proc/cpuinfo ilionyesha kichakataji nambari 0, basi. (Linux huanza kuhesabu na sifuri.) Kisha nikaweka keneli ya pili, niliyoileta kwa flashi. Zikatokea 0 na 1. Nikamwita mjomba. Aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

"Kumbe yule bwana nilimtukana bure," akasema. Kisha akaniuliza kama lile duka la Jinja bado lipo.