Fundi wa Mitungi ya Kuzamia (mafunzo nchini Marekani)

Fundi wa mitungi ya kuzamia hukagua, husafisha na kutengeneza mitungi ya hewa ya wazamiaji pamoja na valvu zake. Nchini Marekani kazi hii ina ngazi mbili: kipimo cha maji na ukaguzi wa macho. Kipimo cha maji ni cha kisheria: hufanywa kila baada ya miaka 5 katika kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Uchukuzi. Mtungi hujazwa maji na kushindiliwa hadi 5/3 ya shinikizo lake la kazi, hivyo wa bar 207 hufikishwa takriban bar 345. Shinikizo likiondolewa, ukabaki umetanuka kwa zaidi ya 10% ya utanukaji wote, haurudi kazini. Ukaguzi wa macho ni wa kila mwaka, nao umesimama juu ya desturi: maduka ya kuzamia hayajazi mtungi usio na stika ya mwaka huo.

Wengi huanzia kwenye ukaguzi wa macho, kwa kozi fupi kama ile ya PSI-PCI, kampuni ya mafunzo ya ukaguzi wa mitungi iliyoasisiwa na Bill High. Mwanafunzi hutoa hewa yote polepole, hufungua valvu, kisha huteremsha taa nyembamba ndani ya mtungi. Kwa kioo kidogo cha mpini, mfano wa kile cha daktari wa meno, hukagua shingo hesi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo panapostahili saa nyingi kuliko somo lolote. Mitungi ya zamani ya alumini ya aloi ya 6351, aloi ambayo kampuni ya Luxfer iliacha kuitumia Marekani mwaka 1988, huweza kupata nyufa shingoni zinazokua taratibu kwa kubeba shinikizo miaka mingi, na baadhi imepasuka wakati wa kujazwa. Kwa hiyo kanuni ya mwaka 2006 inataka shingo zake zipimwe pia kwa kifaa cha umeme kinachotambua ufa.

Mitungi ya chuma ina hatari nyingine. Maji yakiingia, kutu hula oksijeni. Mtungi uliokaa hivyo muda mrefu waweza kuonyesha shinikizo kamili huku hewa yake haifai kuvutwa.

Anayehudumia mitungi ya oksijeni nyingi, zaidi ya 40%, hujifunza usafi wa ziada: mafuta yote huondolewa, na grisi ya silikoni hubadilishwa kwa isiyowaka ndani ya oksijeni.