Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Mwalimu wa kundi, tafadhali andika ubaoni majina mawili kwa herufi kubwa: RUBYA, na chini yake, KITEREZA. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti.

Jina la kwanza mnalijua. Rubya iko Ihangiro, katika Wilaya ya Muleba, na wengi wenu mmepita huko kwenda kumtazama mgonjwa hospitalini. Jina la pili pengine ni geni kwa baadhi yenu. Ni jina la mzee mmoja wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyeandika kitabu kikubwa cha hadithi. Hadithi ndefu namna hiyo, iliyotungwa na kuandikwa kitabu kizima, huitwa riwaya. Leo nataka kuwaeleza jinsi riwaya hiyo ilivyopata kuchapwa. Msidhani ni jambo dogo. Kuandika ni kazi, lakini kumpata mtu wa kuyatoa maandiko yako yawe kitabu ni kazi nyingine kabisa.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, yaani jamaa ya Omukama. Alianza kusoma katika misheni ya Kagunguli, hukohuko kisiwani. Mwaka 1909 alipelekwa ng'ambo ya ziwa, katika seminari ya Rubya. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Fikirini kijana wa miaka 13 akilivuka ziwa kuja katika nchi ya Wahaya. Hata hivyo hakuwa mgeni sana wa masikio, maana Kikerewe na Kihaya ni lugha ndugu, na Mhaya akimsikiliza Mkerewe husikia maneno mengi ya kwao.

Alikaa Rubya kama miaka kumi. Alijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyingine za mapadre. Wengine waliopita katika seminari hiyo walipata vyeo vikubwa; mmoja ni Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho. Kitereza hakuwa padre. Alirudi nyumbani, na mwaka 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Walizaa watoto, lakini wote walifariki wangali wadogo. Shikeni neno hilo moyoni, tutalirudia.

Alifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja Mwitaliano mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kisha akarudi kufanya kazi misheni. Alikuwa na tabia ya kuwauliza wazee habari za zamani na kuziandika. Aliona kuwa vijana wanasahau: namna ya kuposa, kulima, kuvua samaki, kutengeneza pombe ya ndizi, kumtibu mgonjwa, kumkaribisha mgeni. Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alimhimiza aandike. Basi akaandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Mwaka 1945 akamaliza.

Hadithi yenyewe ni ya mtu na mkewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, walioishi kabla Wazungu hawajafika. Hawakupata mtoto. Jamaa za mume wakamsema vibaya yule mke, mpaka wazazi wake wakaja kumchukua wakamrudisha kwao. Wengi walitazamia mume aoe mwingine. Yeye hakuoa. Alikwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, naye akatozwa pombe ya ndizi kwa ajili ya yale matusi ya ndugu zake. Ninyi wa Kagera hamhitaji kuelezwa kazi ya kuivisha ndizi, kuzikamua na kungoja pombe iive. Mtaelewa upesi kuliko watu wa nchi nyingine kwamba adhabu hiyo si mchezo. Baadaye mganga mmoja aliwatibu, wakapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Jina la binti lina maana ya kuuliza: huzuni itakwisha lini? Mwandishi alilijua swali hilo nyumbani kwake mwenyewe.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Karatasi alizoandika mtu kwa mkono au kwa mashine ya taipu huitwa mswada. Mswada si kitabu bado. Lazima apatikane mchapishaji. Watu wengi humchanganya mchapishaji na mpiga chapa, nao si mamoja. Mpiga chapa ana mitambo na wino. Mchapishaji ndiye anayeusoma mswada, anayekubali au kukataa, anayeusahihisha, anayetoa fedha na kutafuta wanunuzi. Tena, kabla ya nakala ya kwanza kutoka mtamboni, gharama kubwa imekwisha kutumika. Kazi ya kupanga herufi ni ileile, ukichapa vitabu 100 au 10,000. Ukichapa vichache, kila kimoja kinakuwa ghali sana. Kwa hiyo swali la kwanza la mchapishaji ni hili: wasomaji wangapi?

Hapo ndipo Mzee Kitereza alipokwama. Wakerewe hawakuwa wengi, na waliojua kusoma walikuwa wachache zaidi. Kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja! Pengine mtaniuliza: mbona kwetu Bukoba vitabu vya Kihaya vilichapwa? Ni kweli. Mwaka 1949 kitabu cha Francis Lwamgira cha historia ya Kiziba, Amakuru ga Kiziba, kilipigwa chapa huko Kashozi. Lakini Wahaya ni wengi, na mtambo wa misheni ulikuwa karibu. Mimi naona pia kwamba historia ya watawala ilionekana kuwa kitu cha faida, ambapo hadithi ya mtu na mkewe ilidhaniwa kuwa ni ya kuongezea usiku tu. Hayo ni maoni yangu; mnaweza kubishana darasani.

Basi mswada ukakaa. Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Nchi ikapata Uhuru mwaka 1961. Karibu na mwaka 1968 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, walifika Ukerewe kutafuta habari za kale. Walimkuta mzee na mswada wake. Walimshauri aufasiri kwa Kiswahili, ili nchi nzima ipate kuusoma.

Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Akakaa kitako, akaanza upya. Kufasiri kitabu chako mwenyewe ni kama kuhamisha nyumba: huwezi kuibeba nzima, lazima uibomoe uijenge tena penginepo. Kila methali ya Kikerewe, kila jina la mmea na la samaki, lilitaka neno lake katika Kiswahili. Na pale pasipokuwa na neno, alieleza. Miaka hiyohiyo ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa mpango mkubwa wa kisomo cha watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO. Mkoa wenu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwamo. Wakulima wa migomba na pamba walikuwa wakijifunza herufi kwa taa jioni, na ng'ambo ya maji mzee mmoja akiandika kitabu ambacho baadhi yao wangeweza kukisoma. Wala hawakujuana.

Baada ya hapo bado alingoja miaka kumi na zaidi. Mwishowe mswada ulikubaliwa na Tanzania Publishing House, shirika la Serikali huko Dar es Salaam. Mkuu wake siku hizo alikuwa Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, ambayo ni wilaya ya mkoa huu wenu. Kitabu kilipigwa chapa nchini China, nacho kina tarehe ya mwaka 1980. Kina kurasa zaidi ya 600. Hesabuni wenyewe: toka 1945 mpaka 1980 ni miaka mingapi? Mwalimu, waache wanafunzi watoe hesabu hiyo ubaoni kwanza.

Vitabu vilisafiri baharini. Mwaka 1981 Mzee Kitereza alifariki, naye ana miaka kama 85. Nakala zilifika Tanzania baada ya kifo chake. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Wajerumani walikifasiri kwa lugha yao katika vitabu viwili, cha kwanza mwaka 1991 na cha pili mwaka 1993. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa hukohuko Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza, naye aliifanya kutoka katika mswada wa Kikerewe, ule wa mwaka 1945.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja na amwulize mzee wa nyumbani kwake namna mkwe alivyotozwa faini zamani, kisha aandike mistari mitano, kwa Kihaya au kwa Kiswahili. Leteni daftari. Kwaherini.