Orodha ya Sheffield

John Holter alikuwa fundi katika kampuni ya kufuli huko Marekani. Novemba 1955 mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi: pingili za uti hazikufunga akiwa tumboni, neva zikabaki kwenye uvimbe nje ya mgongo. Wapasuaji waliuziba. Kisha kichwa cha mtoto kikaanza kuvimba.

Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kushona ngozi juu ya neva kuliwezekana. Kilichowashinda madaktari ni maji ya ubongo, ambayo kwa watoto wengi wa hali hii hukosa pa kupitia. Waliyatoa kwa mirija, mirija ikaziba. Holter alimsikiliza daktari Eugene Spitz akieleza haya yote, akarudi kwake kuchezea mipira na mirija kama fundi yeyote wa mtaani. Alitoka na vali ndogo ya silikoni iliyopitisha maji upande mmoja tu. 1956 ikawekwa kwa mtoto, lakini wa watu wengine. Casey hakuwa na nguvu za kupasuliwa wakati huo. Alifariki miaka mitano hivi baadaye.

Sasa, kabla ya vali hiyo, hakuna aliyekuwa na swali gumu la kujibu, maana wengi wa watoto hawa walikufa tu. Vali ilileta chaguo. Sheffield, mji wa chuma kule Uingereza, madaktari wakaamua kutosubiri: mtoto akizaliwa na mgongo wazi, apasuliwe upesi. Mwaka 1963 walichapisha utafiti wa kutetea jambo hilo. Kati yao alikuwemo John Lorber, daktari wa watoto mzaliwa wa Hungaria.

Mwaka 1971 Lorber huyohuyo akageuka. Alikuwa amepitia rekodi za watoto 524, akaona wengi waliopona wanaishi na ulemavu mzito na upasuaji usioisha. Akatoa orodha. Miguu imepooza sana? Kichwa kikubwa tayari wakati wa kuzaliwa? Kibyongo? Kidonda kiko juu mgongoni? Kuna kasoro nyingine kubwa? Basi asipasuliwe. Anyonye akitaka, apewe kitu cha kumtuliza, lakini asipewe antibayotiki wala asilishwe kwa mrija. Haikuwa siri kwamba walitarajiwa kufa mapema.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nina kaugomvi kangu na watu wanaokusoma kwenye karatasi wakajua utafika wapi. Lakini hata ukiniweka kando, orodha hii ilikuwa na kasoro. Mtoto akinyimwa dawa, akafa, kifo chake kinaonekana kama ushahidi kwamba orodha ilisema kweli. Nani angeipinga? Wafu hawarudi kliniki.

Halafu kuna suala la figo. Wengi wa watoto waliookolewa mgongo na kichwa walikuja kuuawa na figo, kwa sababu neva zilizoharibika haziwezi kukimudu kibofu, mkojo unabaki ndani na kurudi juu. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya orodha, Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitolea mkojo mwenyewe kwa katheta safi, mara kadhaa kwa siku. Safi tu, si lazima iwe imechemshwa kama ya chumba cha upasuaji. Jambo dogo hivyo! Lorber alikuwa amepima maisha ya kesho kwa vifaa vya jana. Na hapohapo Sheffield mpasuaji mwenzake, Robert Zachary, alikataa njia hiyo na kubishana nayo hadharani kwa miaka.

Ukivuka mpaka kutoka Bungoma ukazunguka Mlima Elgon, utafika Mbale, Uganda. Mpasuaji wa ubongo Benjamin Warf alihamia huko mwaka 2000, na swali likamjia kivingine. Ile vali inaweza kuziba miaka baada ya kuwekwa. Philadelphia, mzazi anakimbia hospitali. Kijijini, mrija ukiziba saa nane usiku, mvua imeharibu barabara, mtoto anaweza kufa kabla ya kupambazuka. Warf akaacha kuuliza mtoto yupi anafaa upasuaji, akauliza upasuaji upi unafaa mtoto wa hapa. Kwa kamera nyembamba alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha akachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Matokeo aliyachapisha 2005: si kila mtoto alifanikiwa, lakini wengi walirudi nyumbani bila mrija wowote kichwani. Baadaye hospitali za Marekani, kule vali ilikotoka, zilianza kujifunza mbinu hiyo ya Mbale.