Bomu la Hiroshima lilianzia Kongo

Wasee, mkisikia Hiroshima mnafikiria Marekani na Japani, si ndiyo? Ongezeni Shinkolobwe. Ni mgodi ulioko Katanga, Kongo, kwa wenzetu wanaoongea Kiswahili.

Urani ya huko ilikuwa kali ajabu. Mawe mengine yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko hata asilimia 1 ilikuwa bahati. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alituma tani kama 1,200 hadi New York, zikawekwa ghalani Staten Island. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima ikaungua. Mwaka uliofuata Sengier akapewa medali na Marekani. Wachimbaji je? Hata hawatajwi.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1957 likaanzishwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, makao yake Vienna, ili nyuklia isitumiwe vibaya. Poa. Lakini katiba yake ya mwanzo iliitaja Ubelgiji kati ya nchi zinazozalisha urani, ati kwa hiyo ifikiriwe kiti kwenye bodi. Urani gani? Si ile ya Kongo!

Na ukaguzi wenyewe? Mikataba ya kawaida ya shirika hilo, iliyofuata ule mkataba wa 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ilisema ukaguzi hauhusu madini yakiwa bado mgodini. Wanahesabu urani ikishasafishwa. Mwaka wa 2004 serikali ya Kongo iliufunga Shinkolobwe, lakini watu waliendelea kuingia kuchimba, manake njaa haisomi amri. Mwaka huohuo mgodi ukaporomoka, ukaua.

Mimi sipingi ukaguzi. Bila wakaguzi, dunia ingekuwa na mabomu mengi zaidi. Ninachosema ni kwamba sheria hizi ziliandikwa kulinda wanaoogopa bomu, sio wanaoishi juu ya urani.

Ndio maana wakaazi wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana mwaka wa 2024 kupinga mpango wa kinu cha nyuklia, sikucheka vile wengine walicheka. Usiseme hawaelewi sayansi. Walikuwa wanauliza swali ambalo watu wa Shinkolobwe hawakupewa nafasi ya kuuliza: sisi tumeulizwa lini?