Hesabu ya Wengi

Nilikutana na Condorcet kwenye hesabu kabla ya siasa. Mwaka 1785 mwanahisabati huyu Mfaransa alichapisha kitabu kinene kuhusu maamuzi ya kura, na ndani yake mna hoja iliyoniteka mara moja. Chukua watu watatu, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 60 ya kupata jibu sahihi. Wakipiga kura, wengi wao watapatia kwa karibu asilimia 65. Wakiwa 101, inapita 97. Nikaona demokrasia imepata uthibitisho wake, na hoja hiyo nikaitumia katika mabishano mengi.

Miaka baadaye ndipo niliposoma alivyokufa.

Condorcet hakuwa mtu wa kukaa pembeni. Mwaka 1781 aliandika kupinga utumwa, na 1790 akadai wanawake wapewe haki za uraia, jambo ambalo wanamapinduzi wengi hawakutaka hata kulisikia. Akiwa mbunge, Januari 1793, alikataa kupiga kura ya kumuua mfalme kwa sababu alipinga adhabu ya kifo. Baadaye akaikosoa hadharani katiba ya Wajakobini. Mwezi Julai bunge lilelile alilokuwa mjumbe wake likaamuru akamatwe.

Alijificha Paris kwa mjane, Bi. Vernet, aliyejua kwamba kumficha kungeweza kumpeleka kwenye gilotini. Humo ndani akaandika historia ya maendeleo ya akili ya binadamu. Niliisoma nikitafuta uchungu wake. Ni kama haumo. Machi 1794, akiogopa kumponza mwenyeji wake, alitoroka. Alikamatwa Clamart, na siku mbili baadaye akakutwa amekufa selo. Wengine husema sumu, wengine uchovu.

Nilirudi kwenye hesabu yake nikiwa na hasira kidogo, nikabadilisha namba moja: 60 ikawa 40. Watatu sasa wanapatia kwa asilimia 35 tu. Wakiwa 101, chini ya 3. Yaani watu wakishajazwa hofu au uongo, kadiri wanavyoongezeka ndivyo wanavyokosea kwa uhakika zaidi. Condorcet aliliona hilo, limo kitabuni mlemle. Mimi ndiye niliyeruka kurasa.

Ndiyo maana mwaka 1792 alilipelekea bunge mpango wa elimu ya umma, bila ada, kwa wavulana na wasichana. Alianza kuusoma tarehe 20 Aprili. Usomaji ukakatizwa: siku hiyo bunge lilikuwa na kazi ya kutangaza vita dhidi ya Austria.