Zaire, faranga na programu ya hesabu
Ngungu – Hesabu za zamani za duka, ziwe za daftari au za ordinatere, zimebeba historia ya nchi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1. Tarehe 30 Juni 1998, zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Anayesoma deni la zamani bila kuangalia tarehe atamdai jirani makuta yasiyokuwepo.

Kongo ikaingia OHADA mwaka 2012. Tangu 2014 biashara zikafuata mpango mpya wa hesabu, ambao toleo lake lililorekebishwa lilianza kutumika 2018. Programu nazo zikabidi zibadilishwe, kila salio lihamishwe. Kosa huingia hapo: anayefuta ya zamani kabla ya kulinganisha jumla hana tena pa kurudi.

Muuza viazi au jibini wa Masisi anayekimbia vita hukunja mfukoni karatasi ya wanaodaiwa. Ordinatere hubaki nyumbani.