DVD iliyochomwa haichezi kwenye deki? Fanya haya kabla ya kuitupa

Umechukua DVD ya harusi kwenye duka la kuchoma diski mjini Jinja au Mbale. Kwenye kompyuta ya dukani ilicheza vizuri, lakini nyumbani deki inazunguka kidogo kisha inaandika "No Disc". Usigombane na fundi kwanza, na usiitupe diski. Kompyuta husoma mambo mengi ambayo deki haiwezi. Kwa familia nyingi za wakimbizi, diski moja ndiyo kumbukumbu pekee ya ndugu aliyebaki nyumbani au aliyefariki.

Tafuta tatizo liko wapi

Weka kwenye deki diski ya filamu iliyotengenezwa kiwandani. Ikigoma nayo, huenda lenzi ya deki ina vumbi au imechoka. Ikicheza, peleka diski yako kwa jirani uijaribu kwenye deki yake. Diski ya kuchoma hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, hivyo lenzi iliyochoka inaweza kusoma filamu ya kununua na kushindwa kusoma ya kwako. Ikigoma kwenye deki zote mbili, angalia sababu hizi.

Sababu za kawaida

- Diski haikufungwa. Baada ya kuchoma, programu hufanya hatua ya mwisho ya kuifunga diski. Hatua hiyo ikirukwa, deki nyingi haziioni kabisa. Mara nyingi fundi anaweza kuifunga bila kuchoma upya.

- Faili zilinakiliwa tu. Deki nyingi za zamani hazifungui video za simu za aina ya MP4. DVD ya video huwa na folda iitwayo VIDEO_TS.

- Aina ya diski hailingani na deki. Kuna DVD-R na DVD+R, na baadhi ya deki hukubali moja tu. Zile za kufutwa na kuandikwa tena, zenye herufi RW, husumbua zaidi. Deki ya VCD haisomi DVD.

- Ilichomwa kwa haraka. Picha hukwama au kuvunjika vipande, hasa kuelekea mwisho.

- Mfumo wa picha ni tofauti. Uganda hutumia PAL. Marekani na Kanada hutumia NTSC. Diski iliyotumwa na ndugu aliyehamia huko inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayopandapanda. Fungua mipangilio ya deki kwa rimoti, kisha ubadilishe mfumo wa TV.

Kusafisha na kutunza

Futa diski kwa kitambaa laini na safi, ukitoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Usibandike karatasi juu yake, kwani inaweza kuifanya iyumbe inapozunguka. Usiiache juani wala juu ya deki yenye moto. Rangi inayobeba video kwenye diski ya kuchoma huharibika kwa joto na mwanga.

Unapochomesha tena

Mwambie fundi: "Nataka DVD ya video ya kucheza kwenye deki, mfumo wa PAL, uichome polepole na uifunge." Kasi ya 4x au 8x inatosha. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, yaani karibu saa 2 za video yenye ubora mzuri. Ukilazimisha saa 5, picha itafifia. Omba ijaribiwe kwenye deki, si kwenye kompyuta pekee, kabla ya kulipa.

Kama diski ya zamani inakwama lakini kompyuta bado inaisoma, nakili video leo kwenye flashi, na nakala nyingine mpe ndugu unayemwamini. Ikiwa ni video ya familia, mwombe fundi aifute kwenye kompyuta yake mbele yako, baada ya wewe kuhakikisha nakala zako zinacheza.